Gobore la babu darini: baruti ya zamani haifi

*"Shikamoo mtaalamu. Babu yetu alifariki mwezi uliopita kijijini, wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora. Tulipokuwa tunasafisha nyumba yake tumekuta gobore limefungwa kwenye gunia juu ya dari, pamoja na pembe ya baruti, mkoba wa ngozi na kikopo kidogo cha fataki. Babu alikuwa mwindaji na mrina asali, lakini hakuna aliyemwona na hilo gobore kwa zaidi ya miaka ishirini. Mjomba anasema baruti ya zamani hiyo imeshakufa, na kwa kuwa hakuna fataki pale juu, halina madhara. Binamu yangu anataka tulijaribu kwa baruti ya kutoa kwenye risasi za shotigani. Kuna fundi wa kuchomelea ametaka kuununua mtutu. Mimi ningependa kulisafisha na kulitundika sebuleni kwangu Dodoma kama kumbukumbu. Nianzie wapi? Na je, kisheria nina kosa?"*

Marahaba, na poleni sana kwa msiba.

Kabla sijaeleza lolote, msiliguse tena. Kama bado liko darini, libaki darini. Kama mmeshalishusha, lilale chini katika chumba kinachofungwa kwa kufuli, mdomo wa mtutu ukielekea upande ambao hapapiti mtu, mbali na jiko na taa ya mafuta. Kikopo cha fataki (vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti) na pembe ya baruti msivifungue wala msivitikise, na visikae pamoja. Watoto wasikaribie. Binamu yako mwambie asubiri, na fundi mwambie hapana. Sababu zake nitazieleza, maana najua kumwambia mtu "usiguse" bila sababu ni kumwalika aguse.

Nianze na mjomba, kwa heshima zote. Anayosema husemwa karibu kila nyumba inapokutwa silaha ya namna hii, na si kweli. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura (aina ya chumvi), mkaa na salfa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachooza kama chakula au kupoteza nguvu kwa sababu ya kalenda. Adui wake ni maji, kwa kuwa maji huyeyusha shura na kuitenganisha na wenzake. Baruti iliyokaa pakavu miaka ishirini iko karibu vilevile ilivyokuwa siku iliposhindiliwa, yaani ilipojazwa na kugandamizwa mtutuni kupitia mdomoni, na dari la nyumba ambayo jikoni huwashwa kuni kila siku ni mahali pakavu kweli. Januari 2013, mafundi waliokuwa wakisafisha mzinga wa karne ya 18 katika bustani ya Central Park, New York, waliondoa kizibo wakakuta tufe lake bado limo, na nyuma yake baruti ya karibu gramu 800. Polisi waliitwa wakaitoa. Mzinga ule ulikuwa umepita mikononi mwa watu miaka na miaka, kila mmoja akiamini ni pambo tu.

Wala usidhani mwindaji makini hawezi kuacha silaha imeshindiliwa. Gobore si bunduki ya kisasa ambayo unaivuta komeo na risasi inaruka nje. Likishashindiliwa, njia rahisi ya kulitoa mzigo ni kulipiga. Mwindaji akirudi nyumbani jioni bila kuona mnyama, ana mambo mawili ya kuchagua: apoteze baruti na risasi kwa kupiga hewani na kuamsha kijiji kizima, au aondoe fataki, alitundike, kesho aendelee nalo. Wengi walichagua la pili. Kisha huja mvua za masika, huja homa, huja uzee, na hiyo kesho haifiki. Baada ya mapigano ya Gettysburg kule Pennsylvania, Julai 1863, zilikusanywa uwanjani bunduki 27,574. Taarifa za wakati ule zinasema takriban 24,000 kati yake zilikuwa bado zimeshindiliwa, na karibu nusu ya hizo zilishindiliwa mara mbili, kwa kuwa askari katika kelele na moshi hakujua kwamba mzigo wa kwanza haukutoka. Ukiitazama silaha hiyo kwa nje, huwezi kujua ina nini ndani.

Sasa hili la "hakuna fataki". Gobore la fataki lina kijichuchu cha chuma nyuma ya mtutu, chenye tundu jembamba linalopenya hadi kwenye baruti. Fataki, kile kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani, huvishwa juu ya kijichuchu hicho. Ukivuta kifyatulio, nyundo hushuka, dawa hupasuka, cheche hupita tunduni na baruti inawaka. Kwa hiyo ni kweli kwamba bila fataki gobore kwa kawaida halilipuki. Hata hivyo, angalia kijichuchu cha silaha iliyotumika sana: mara nyingi utakuta kimevaa mabaki ya fataki ya zamani, shaba iliyopondeka ikageuka kijani na kushikamana na chuma kama kutu. Mtu asiyejua huona ni uchafu. Akachukua msumari akakwangua, au akagonga kwa nyundo ya kawaida ili kuulegeza, na kama dawa kidogo ilibaki chini ya ile shaba, imetosha.

Kuna pia hatari ya joto. Baruti haihitaji fataki. Inahitaji kitu chochote kitakachoifikisha kwenye kiwango cha kuwaka. Ndiyo maana fundi wako wa kuchomelea amenitia hofu kuliko wote mliowataja. Yeye anaona bomba zuri la chuma nene. Ataliweka kwenye jiwe la kukatia au atalipiga moto wa gesi ili alikunje, huku ndani kukiwa na baruti na vipande vya chuma vinavyotazama tumbo lake au la msaidizi wake.

Watu wanaozifahamu silaha hizi huzipima kwa ufito wa mbao. Huingizwa taratibu kupitia mdomo wa mtutu hadi ugote, huwekwa alama pale unapotokea, kisha hutolewa na kulazwa kwa nje sambamba na mtutu. Ncha ya ufito ikifika usawa wa kijichuchu, mtutu ni mtupu. Ikiishia sentimita nane au kumi kabla yake, kuna kitu. Kitu hicho chaweza kuwa baruti, kizibo cha nyuzi na risasi. Chaweza pia kuwa udongo wa nyigu, maana nyigu wajengao kwa matope hupenda sana mtutu uliolazwa darini. Hutumika mbao kwa sababu chuma kwa chuma huzaa cheche, na anayepima hasimami mbele ya mdomo hata kwa kuchungulia. Nimekueleza ili ukimwona askari au mhifadhi akifanya hivyo ujue anatafuta nini. Wewe usifanye. Hakuna utakachokipata kwa kujua mapema, kwa sababu jibu lolote litakuwa lilelile: silaha iondolewe na wenye mamlaka nayo.

Nikuongezee jambo moja ambalo huenda mtu atakushauri: kumimina maji mtutuni. Msingi wake ni sahihi, kwani maji huua baruti. Lakini wazee walipaka mafuta au nta kwenye kizibo ili umande usipenye, na kizibo kilichokauka juu ya baruti kwa miaka ishirini huzuia maji barabara. Utamwaga debe zima, utaona maji yamejaa mdomoni, utaamini kazi imekwisha, na chini ya kizibo baruti iko kavu.

Nije kwa binamu, maana hapa ndipo watu hupoteza macho na vidole. Baruti iliyo ndani ya risasi za shotigani za leo si baruti nyeusi iliyosagwa vizuri zaidi. Ni kitu kingine kabisa, hutengenezwa kwa pamba au selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki. Baruti nyeusi huwaka kwa kasi isiyobadilika sana hata ikibanwa. Presha yake hupanda kwa kiasi ambacho mtutu wa chuma laini uliweza kuhimili. Hii ya kisasa, kadiri inavyobanwa ndivyo inavyowaka kwa kasi, na kadiri inavyowaka kwa kasi ndivyo inavyojibana zaidi. Ndani ya gobore, kijiko kilekile ambacho babu alipimia baruti yake kikijazwa baruti hiyo huufanya mtutu ufunguke kama ganda la ndizi, na unafungukia pale mkono wa kushoto ulipoushika na jicho la kulia lilipoinamia.

Hata ukiweka baruti sahihi, chuma chenyewe hukijui. Moshi wa baruti nyeusi huacha masalia yanayovuta unyevu hewani, na yasipooshwa kwa maji ya moto siku ileile, yanaanza kula chuma kwa ndani. Nje mtutu unang'aa kwa kushikwashikwa, ndani umetobokatoboka karibu na kitako, mahali hasa ambapo presha ni kubwa. Na kama gobore lenu limetengenezwa na mhunzi wa kienyeji, mtutu wake huenda ni bomba la maji au chuma cha usukani wa gari, na nyuma umezibwa kwa kuchomelewa tu. Bomba la maji lina mshono kwa urefu wake. Halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kila mlio uliotoka salama ulikuwa umeulegeza mshono huo kidogo. Kwamba babu alilitumia miaka yote si ushahidi kwamba litahimili mara moja zaidi.

Ila usidhani nadharau alichokuwa nacho babu yako. Silaha za kushindilia zina historia ndefu katika nchi hiyo ya Unyamwezi. Kabla ya fataki kulikuwa na bunduki za gumegume, zilizopiga cheche kwa jiwe, na zote mbili zilipanda bara na misafara kutoka Bagamoyo na Zanzibar. Wapagazi walilipwa kwa nguo, shanga na baruti, na rugaruga (wapiganaji) wa Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, walikuwa na bunduki hizo kwa mamia. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani. Kisha mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yakakubaliana kuzuia bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu zisiingie katika ukanda wa Afrika ulio kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara ziliachiwa mwanya. Ndiyo sababu mojawapo ya Mwafrika wa kawaida kubaki na silaha ya kushindilia wakati askari wa kikoloni wameshasahau hata namna ya kuijaza, na ndiyo sababu wahunzi wetu waliendelea kuzitengeneza na kuzikarabati vizazi na vizazi.

Kwa hiyo inawezekana kabisa mkononi mna kitu cha miaka mia na hamsini, na inawezekana pia mna bomba lililochomelewa mwaka 1985. Tofauti hiyo ina uzito katika uamuzi wenu. Silaha ya kuagizwa huwa na bamba la mtambo upande wa kulia lenye maandishi au alama iliyogongwa. Neno TOWER na taji vilikuwa alama ya ghala la silaha la London, ingawa viligongwa pia kwenye bunduki nyingi za biashara ambazo hazikupita huko. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni alama ya upimaji ya mji wa Liège, Ubelgiji. Kama mlishalifungua gunia na alama hizo zinaonekana bila kuligeuza gobore, lipigeni picha mlipo. La sivyo, ombeni askari awaruhusu kupiga picha likishahakikiwa kuwa tupu. Picha hizo msizirushe kwenye makundi ya WhatsApp.

Sasa sheria. Tanzania, gobore ni silaha. Umri wake, ubovu wake na ukweli kwamba ni la marehemu havilitoi katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na watu hushtakiwa mahakamani kwa kukutwa na gobore bila kibali. Kibali hakirithiwi pamoja na silaha. Hata kama babu alikuwa nacho, na wazee wengi walikuwa nacho kihalali, kilikuwa cha jina lake. Tafuteni kwenye makaratasi yake, mkikipata kitasaidia kuonyesha silaha ilitoka wapi. Kosa linaanza kuwa lenu pale mnapojua silaha ipo na mnakaa kimya, mnaihamisha, mnaiuza au mnaitumia. Kwa hiyo wazo la kulibeba kwenye basi hadi Dodoma liondoe kabisa, hata likiwa limefungwa kwenye godoro.

Njia iliyonyooka ni hii: mkubwa wa familia aende kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, aeleze kilichokutwa na siku kilipokutwa, kisha wapige simu kituo cha polisi au kwa mkaguzi wa polisi wa kata. Semeni wazi kwamba huenda limeshindiliwa na kwamba kuna baruti na fataki. Ombeni waje kulichukua wao, msilipeleke wenyewe kwa bodaboda. Likichukuliwa, mpate maandishi ya mapokezi yenye jina, tarehe na maelezo ya kila kitu. Serikali hutangaza pia vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, lakini msisubiri tangazo. Najua hofu iliyopo: watu huogopa kwamba anayepeleka ndiye atakayekamatwa. Siwezi kukuapia kwamba kila kituo kitawapokea kwa tabasamu. Ninachokuambia ni kwamba familia iliyojitokeza yenyewe, mbele ya mashahidi, wiki chache baada ya msiba, iko mahali tofauti sana na familia iliyokutwa. Kama ukoo una wasiwasi, mchukueni wakili au msaidizi wa kisheria aandamane nanyi.

Je, linaweza kurudi ukutani? Kwa uaminifu, kwa gobore la kienyeji, sioni njia, na binafsi sipendi silaha ya ukutani katika nyumba yenye watoto. Likiwa la kale na lina alama, ombeni polisi wawasiliane na Makumbusho ya Taifa kabla halijaharibiwa. Makumbusho ikilihitaji, makabidhiano hufanyika kati yao na polisi, nanyi mnaweza kuomba jina la babu liandikwe kwenye kumbukumbu zake. Hilo lina manufaa zaidi kuliko msumari wa sebuleni.

Kilichobaki ndicho ningekipigania kama ningekuwa wewe: pembe, mkoba na mdeki, ule ufito wa kushindilia, kama ni wa mbao. Vitu hivyo babu alivitengeneza au alivichagua kwa mkono wake. Ombeni askari wachukue baruti na fataki na kuwaachia vyombo vitupu. Lakini kabla ya hapo jibuni swali moja ambalo watu hulisahau: ni pembe ya nini? Ya ng'ombe haina tatizo. Ya nyati, tandala au mnyama mwingine wa porini ni nyara, na mkoba wa ngozi ya chui au ya mnyama mwingine wa porini ni hivyohivyo. Kukaa nazo bila hati ni kosa lingine chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na si kosa dogo. Pembe ya tandala utaijua kwa kujisokota. Ya nyati huwa nzito, pana na yenye makunyanzi upande wa shina, wakati ya ng'ombe ni laini zaidi na ya mviringo. Mkiwa na shaka, afisa wanyamapori wa wilaya atawaambia, na ni bora mumuulize siku ileile polisi wanapokuja, ili yote yamalizike pamoja.

Ikiwa ni ya ng'ombe na imeshamwagwa baruti, ioshe ndani kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo mara kadhaa, hadi maji yatoke bila weusi. Ikaushe kivulini, kwa kuwa jua kali huipasua. Ukiona vitundu vidogo na unga wa kahawia ukidondoka, kuna wadudu wanaoila kwa ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iweke kwenye friza wiki mbili, kisha iache ndani ya mfuko huohuo hadi ipate joto la chumba ndipo uifungue. Baada ya hapo ipake nta ya nyuki nyembamba kwa kitambaa laini. Mkoba wa ngozi usiupake mafuta ya kupikia wala ya mgando. Utavutia vumbi na panya. Upanguse kwa brashi laini, ujaze karatasi zisizo na wino ili usikunjamane, na uuweke mbali na dirisha.